Hoteli imefungwa, mshahara haujalipwa: namna ya kuilinda nafasi yako mbele ya wadai wengine

Mfanyakazi anayedai mshahara hasimami safu moja na aliyeuza samaki jikoni au aliyekopesha saruji. Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, kifungu cha 11, unamhesabu kuwa mdai mwenye upendeleo pale mwajiri anapofilisika. Wengi wanaijua haki hii juu juu, kisha wanakaa nyumbani wakingoja kuitwa. Haki hupotea hapo.

Upendeleo huo hufanya kazi ndani ya ufilisi tu, yaani mfilisi, msimamizi wa mali za aliyefilisika, ameshateuliwa na mali zinakusanywa zigawiwe. Hoteli ya Paje au Nungwi, Zanzibar, iliyofunga geti, na meneja hapokei simu, bado haijafilisiwa. Imefungwa tu. Katika hali hiyo foleni haipo: anayetangulia kupata hukumu na kukamata mali ndiye anayelipwa. Masika ndiyo wakati wa kuwa macho zaidi. Hoteli nyingi za pwani hufunga Aprili na Mei kwa kawaida yake, na mwajiri aliyelemewa na madeni huweza kuyatumia mapumziko hayo hayo kuhamisha jenereta, viyoyozi na boti. Kama mlikuwa mnadai kabla ya kufungwa, msingoje msimu ufunguke.

Anzeni na jina. Lililoandikwa kwenye ubao wa hoteli mara nyingi silo la kampuni iliyokuajiri. Tazama mkataba, taarifa ya michango yako ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, na jina la aliyekuwa akiingiza mshahara benki. Majina yakipishana, nenda Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA, uombe taarifa za kampuni: wakurugenzi ni nani, na kuna rehani gani iliyosajiliwa. Dai lililoelekezwa kwa jina la ubaoni linaweza kukwama baada ya miezi ya kuhangaika.

Rehani ndiyo inayowashangaza watu. Benki iliyowekewa jengo dhamana hailisubiri fungu la wadai wa upendeleo. Kwa kawaida huliuza jengo, hujilipa, na kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye ufilisi. Kwa hiyo msiipime hoteli kwa uzuri wa jengo lake. Pimeni kwa vitu visivyo rehani: magari, vyombo vya jikoni, samani, pesa ambazo mawakala wa utalii bado hawajalipa. Orodhesheni vitu hivyo mapema, pamoja na picha na tarehe. Mkiona vinatolewa, ombeni mahkama amri ya zuio kabla havijavuka bahari.

Sasa hesabu. Usiandike “nadai kama milioni tatu”. Andika mwezi mmoja mmoja, kwa sababu sheria za ufilisi kwa kawaida huweka kikomo cha kipindi kinachopata upendeleo. Mkataba Namba 173 wa mwaka 1992 wa shirika hilo hilo unataka kisipungue miezi 3. Kinachozidi kikomo hushuka kwenye fungu la wadai wa kawaida, ambao mara nyingi hawaambulii kitu. Tenganisha mshahara, siku za likizo ambazo hukuchukua, malipo ya saa za ziada, na kiinua mgongo. Mshahara ukiwa 450,000 na unadai miezi 4, ni 1,800,000. Ulichopokea nusunusu kiandike na ukitoe. Mdai anayeficha alichopokea huwatia dosari wenzake wote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mali zimeuzwa kwa milioni 60, gharama za ufilisi ni milioni 12 na hizo hutangulia. Zimebaki 48. Madai ya upendeleo yakiwa milioni 64, kila mmoja hupata kwa uwiano, yaani asilimia 75, na wewe wa 1,800,000 unaondoka na 1,350,000. Muuza samaki hapati hata senti.

Ushahidi si lazima uwe hati ya mshahara. Ratiba ya zamu, ujumbe wa WhatsApp wa meneja akiahidi kulipa, kitambulisho cha kazi na taarifa ya benki vinasaidia sana. Peleka barua ya madai, baki na nakala iliyosainiwa na aliyeipokea, kisha fungua shauri Kamisheni ya Kazi lipelekwe kwenye usuluhishi. Mnaweza kwenda pamoja, lakini kila mmoja awe na jedwali lake.

Mfilisi akishateuliwa, njia hubadilika. Usiifungulie kampuni kesi mpya bila kuuliza, maana mara nyingi huhitaji kwanza ruhusa ya mahkama. Jaza fomu ya uthibitisho wa deni, ambatisha kiapo na nakala za ushahidi, uiwasilishe ndani ya siku zilizotangazwa. Anayechelewa anaweza kukuta mgao umeshafanyika, na pesa iliyokwisha kugawiwa hairudishwi mfukoni mwa mtu. Dai likikataliwa, taka sababu kwa maandishi, kwani ndizo utakazopeleka mahkamani.

Na kuna ile karatasi ya “sina madai tena”, inayoletwa pamoja na laki mbili za nauli. Nauli ipokeeni mkihitaji, lakini andikeni kwa mkono juu ya saini: sehemu ya malipo, na salio ni kiasi fulani. Mwajiri akikataa maneno hayo, msisaini.