Maswali ya Wasomaji: Siga Chache Nyumbani Bila Kasha Maalumu

SWALI: Ndugu Mhariri, mkwe wangu anayefanya kazi Muscat huniletea siga kila anapokuja likizo, na sasa ninazo kama 30, nyingine za Cuba na nyingine za Jamhuri ya Dominika. Mimi huvuta moja tu siku za sikukuu, kwa hiyo hukaa muda mrefu. Kasha maalumu la kuhifadhia siga ni ghali mno kwangu, hivyo nimeziweka katika kopo la biskuti ndani ya kabati la nguo, pamoja na kipande cha tufaha kama nilivyoshauriwa. Juzi nimeona unga mweupe juu ya baadhi yake, na moja ina tundu dogo kama lililotobolewa kwa sindano. Mama watoto anasema nizitie kwenye friji. Je, nimsikilize? – Msomaji, Mikocheni, Dar es Salaam.

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na lile tundu, kwa kuwa ndilo jambo lisiloweza kusubiri. Tundu la mviringo lenye ukubwa huo ni alama ya mdudu wa tumbaku, ambaye wanasayansi humwita Lasioderma serricorne. Ni mdudu wa rangi ya kahawia, mwenye urefu wa milimita 2 hadi 3, na si mgeni majumbani mwetu, maana huyo huyo hula pilipili kavu, bizari na nafaka zilizosahaulika kabatini. Mayai yake yaweza kuwa yamo ndani ya majani tangu ghalani, hayaonekani kwa macho, na hayana madhara mpaka joto litakapoyaangua. Ndiyo maana wahifadhi wa siga hushauriwa wasiruhusu joto kupita nyuzi 21 za Selsiasi kwa muda mrefu. Sebule ya Dar es Salaam mwezi wa Februari hufika nyuzi 30 bila shida, na katika joto hilo yai huweza kuwa mdudu kamili kwa takriban mwezi mmoja. Anayekula tumbaku ni buu. Tundu uliloliona ni mlango aliotokea mdudu baada ya kukua, kwa hiyo usishangae ukikuta mengine.

Itupe siga hiyo, tena nje ya nyumba. Zilizobaki zigonge moja moja taratibu juu ya karatasi nyeupe. Ikidondosha vumbi laini la kahawia, nayo imekwisha kuliwa. Zinazoonekana nzima zitie katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, mfuko huo uutie katika mwingine, kisha uziweke kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi kwa siku tatu mfululizo. Umeme ukikatika kwa saa nyingi katikati ya siku hizo, anza kuhesabu upya. Siku ya nne zihamishie sehemu ya kawaida ya friji kwa siku nzima, halafu ziache mezani, mifuko ikiwa bado imefungwa, mpaka majimaji yaliyoganda nje ya plastiki yakauke yenyewe. Haraka hapa huharibu kazi yote, kwani jani la nje ni jembamba sana, na likipambana na baridi na joto kwa ghafla huchanika.

Kwa hiyo shemeji yetu hakukosea sana, ila friji ni ya siku hizo tu. Friji za kisasa zisizojenga barafu hukausha hewa, na siga hunyonya kila harufu iliyo karibu nayo; ukiziacha humo karibu na samaki wa jana na kitunguu kilichokatwa, utakuja kuvuta samaki na kitunguu.

Sasa kuhusu tufaha. Ushauri huo, pamoja na ule wa kipande cha kiazi na ule wa sifongo iliyoloweshwa, unatoka katika nchi za baridi, ambako mitambo ya kupasha nyumba joto hukausha hewa kwa miezi, na kazi kubwa ya kasha ni kuongeza maji. Pwani yetu mambo ni kinyume. Siga hutaka hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70, ilhali hewa ya Dar es Salaam alfajiri mara nyingi hupita asilimia 80, na wakati wa masika hali huwa hivyo karibu kutwa nzima. Ukifungia tunda lililokatwa ndani ya kopo katika joto kama hilo, umepanda kuvu kwa mkono wako. Mtu wa pwani anahitaji chombo cha kuzuia unyevu wa nje usiingie, na mahali penye ubaridi kiasi. Habari ya kulowesha siga aisahau.

Chombo chenyewe huenda unacho jikoni. Ni kontena la plastiki la kuwekea chakula, lenye mfuniko unaobana pande zote nne na ukanda wa mpira ndani yake. Kabla ya kuliamini, lifunge tupu, ulizamishe katika beseni la maji na kulishikilia kwa dakika moja. Likitoa mapovu, lirudishe kwenye kazi ya wali. Lisilotoa mapovu lioshe kwa sabuni isiyo na manukato, likauke kabisa, kisha lifunge usiku kucha na kulinusa asubuhi. Likinuka chochote, hata plastiki, liache wazi siku chache zaidi.

Ndani yake weka pakiti ya kudhibiti unyevu, kama zile za Boveda. Ndani ya pakiti hizo mna myeyuko wa chumvi na maji, na utando wake hupitisha mvuke kuingia na kutoka, hivyo hewa ikikauka pakiti hutoa maji, na ikizidi unyevu huyanyonya. Ni nyepesi, na mkwe wako anaweza kuzitia mfukoni akija. Zimeandikwa namba ya unyevu zinaoulinda, na wengi hununua 69 au 72 kwa mazoea; mimi kwa joto letu ningechagua 65, au hata 62, kwa kuwa unyevu ule ule huotesha kuvu upesi zaidi penye joto. Pakiti mbili za gramu 60 zinatosha kwa siga ulizo nazo, na zitakapokuwa ngumu mkononi, zibadilishe. Vile vifuko vya punje za silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu haviwezi kushika nafasi yake, maana hunyonya tu wala havirudishi, na siga zako zitakauka bila wewe kujua.

Tafuta pia kipimaunyevu kidogo cha kidijitali, lakini usikiamini kabla ya kukijaribu, kwa kuwa vingi hukosea kwa asilimia kadhaa. Jaza chumvi ya mezani katika kizibo cha chupa ya soda, idondoshee matone machache ya maji mpaka iwe kama uji mzito na wala si maji, kisha ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa usiku mzima. Chumvi iliyolowa hivyo hushikilia hewa iliyo juu yake katika asilimia 75. Kipimo kikisoma 71, ujue daima kinapunguza 4. Wapo wanaoona hilo wakaamua kuacha chumvi ile ile ndani ya kontena ili kuokoa fedha; kwa Dar es Salaam 75 ni nyingi mno, usiwaige.

Joto ndilo gumu zaidi, na nitakuwa mkweli kwamba bila kiyoyozi hutafika nyuzi 21. Lakini unaweza kuzuia joto lisipande na kushuka ovyo. Weka kontena ndani ya boksi zito la kubebea barafu, la aina wanayotumia wauza samaki, bila barafu, na boksi hilo likae sakafuni katika chumba cha ndani, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni, na mbali na mikono ya watoto. Kwa kuwa mayai yameshauawa na friza, nyuzi 26 si balaa, ila kila siga mpya ipite kwenye friza kabla ya kuungana na zenzake. Kuhusu kuzitunza miaka kumi ili zikomae, hilo waachie wenye vyumba vya baridi; za kwako zivute ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Kabati la nguo uliache kabisa, kwani udi, marashi na naftalini vyote vitaishia kwenye siga. Ukitaka harufu ya mbao ile inayozifaa, omba kibao kikavu, kisicho na vanishi, cha mwerezi, yaani Cedrela odorata, ambao ni ndugu wa mkangazi na ndio mti unaotumiwa ndani ya makasha ya siga. Kwa asili ni mti wa Amerika ya Kitropiki, lakini ulipandwa kwetu, na katika msitu wa Kimboza mkoani Morogoro umesambaa hadi kuwa kero kwa miti ya asili. Seremala asikupe mtarakwa kwa kudhani ni mamoja. Mafuta ya mtarakwa ni makali na yatafunika ladha yote.

Ule unga mweupe wapo watakaokuambia ni mafuta ya tumbaku yaliyojitokeza, tena ni sifa njema. Kwa jinsi ulivyozihifadhi, mimi nasema ni kuvu. Iliyo juu ya jani la nje tu, ifute kwa kitambaa kikavu na uiangalie kwa wiki kadhaa. Yenye kuvu kwenye ncha iliyo wazi, au kuvu ya kijani au buluu, itupe.

SWALI: Niko Nairobi, na siga zangu 12 zimekauka hata zinatoa sauti nikizibana. Je, nikiziloweka kidogo zitarudi? – Msomaji, Kilimani.

JIBU: Usiziloweke. Mafuta yaliyopotea hayarudi, lakini unyevu hurudi ukipewa muda. Zitie katika kontena kama lililoelezwa hapo juu pamoja na pakiti ya 62 kwa wiki mbili, kisha ya 65 kwa wiki mbili zaidi au tatu, ukizigeuza kila baada ya siku chache. Ukianza na 72, majani ya ndani yatavimba kabla jani la nje halijalegea, nalo litapasuka. Ukitumia kifaa cha kuongezwa maji, kiwe na maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri, na usome lebo vizuri dukani, kwa sababu kwenye rafu ya maji ya betri huwa pia kuna asidi.