Dada, Zima Metronomu: Mimi na Vivaldi wa A Maina

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, konseto ya Vivaldi ya A maina naipiga mbio kweli kweli, bado mwalimu haridhiki. Niongeze kasi?" Vivaldi ni mtunzi wa Kiitaliano wa zamani; konseto ni muziki wa fidla moja na kundi la wapigaji, na A maina ni ufunguo wake, yaani safu ya noti unayoegemea. Nikacheka, kisha nikanuna. Kasi hiyohiyo ndiyo iliyoniponza mimi.

Kwenye mtihani wa fidla nilikuwa nimeikariri yote. Mtahini akanisikiliza hadi mwisho, akaandika: noti ziko sawa, muziki sijausikia. Karatasi ile ninayo hadi leo, ndani ya mkoba wa fidla.

Aliyenizindua ni mzee mmoja wa taarab. Nilimpigia mwanzo wa konseto, akauliza: "Kiitikio ni kipi, na mwimbaji anaingia wapi?" Nikabaki kimya. Kumbe konseto hii, ya 6 kati ya 12 za Opus 3, mkusanyiko wake uliochapishwa Amsterdam mwaka 1711, ni majibizano. Kundi zima linafungua kwa noti zinazogongwagongwa, na kipande hicho Waitaliano hukiita ritornelo, yaani kirejeo. Fidla moja inajitenga na kwenda zake, kundi likiwa limeshusha sauti. Kirejeo kinaikatiza, safari hii kikiwa kifupi, na ufunguo umehama. Mimi nilivipiga vyote kwa sura moja, mwimbaji na waitikiaji koo moja!

Kwa hiyo jifunze kwanza sauti ya chelo, yule ndugu mkubwa wa fidla mwenye sauti nzito. Iimbe. Mimi nilishinda wiki mbili nikipiga sehemu ya chelo tu, jirani akamuuliza mke wangu kama niko salama.

Halafu kuna vile vipande vinavyorudiwa ngazi baada ya ngazi. Nilivipiga kama mtu anayehesabu mifuko ya saruji. Kila ngazi ni hoja inayoongezewa uzito, sasa wewe ukipiga zote sawa, unabishana na nani? Na upinde usiugandamize. Pinde za zama zile zilikuwa nyepesi, noti ikianza kwa uhai na kufifia yenyewe. Wetu wa kisasa ushike juu kidogo ya kitako, ule mwisho unaoshikwa na mkono, utaona unavyopumua.

Largo, sehemu ya pili ya polepole, nairuka. Presto, ya mwisho ya mbio, pia, maradhi ni yaleyale.

Ila niseme ukweli, tunapenda sana kuonekana. Vivaldi alianza kufundisha fidla Pietà, nyumba ya watoto walioachwa kule Venice, mwaka 1703. Mabinti wale walipiga pamoja, wakisikilizana. Sisi tunajifungia chumbani na metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, halafu tunashangaa muziki umekwenda wapi. Msikilize mwenzio! Huna wa chelo? Mtafute. Nami nilisema sina, kumbe sikuwa nimeuliza.

Jumamosi iliyopita tuliipiga, watu sita na kinanda, ukumbi mdogo, feni inapiga kelele. Kirejeo cha mwisho kilipoingia sikuwa nahesabu kitu, nilikuwa nikisikiliza chelo. Watu wakapiga makofi. Nami, nikiinama, nikajikuta namtafuta yule mtahini kwa macho, safu hadi safu.