Sylvia Pankhurst wa Bow ni nani?

SWALI: Habari mhariri, mi naishi London huku mashariki, Bow, watu wanamtaja sana huyu mama Sylvia Pankhurst. Si ndo yule wa kura za wanawake tu?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Kupigania haki ya wanawake kupiga kura ilikuwa sehemu tu ya kazi yake. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914 bei za vyakula zikapaa, wanawake kibao hapo Bow wakakosa kazi, basi Sylvia na wenzake wakafungua migahawa ya bei poa, wakaanzisha kiwanda cha midoli kuwapa akina mama kazi yenye mshahara wa maana, halafu baa moja ya Old Ford Road iliyoitwa Gunmakers' Arms wakaigeuza kituo cha kulea watoto, maziwa yapo na kliniki ipo. Mi hapo ndo namkubali kabisa! Na vita alivipinga hadharani wakati mama yake mzazi, Emmeline, anaviunga mkono, sio jambo dogo hilo. Italia ilipoivamia Ethiopia 1935 akawatetea Waethiopia miaka na miaka, 1956 akahamia Addis Ababa kabisa, akafariki huko 1960 na Mfalme Haile Selassie akampa mazishi ya kitaifa.