Mkuu, weka chini hilo bomba la pilipili

Mkuu, acha. Kabla hujaloweka hata pilipili moja, soma huu ujinga wangu.

Umeuliza ndege huchaguaje matunda, aina gani ya zabibu hawaipendi, na kama kilo 10 za pilipili kichaa zitatosha kupulizia ekari moja ya zabibu ili kuwafukuza. Hizo kilo 10 ndizo zimeninyima usingizi. Mimi nilinunua gunia.

Ulikuwa msimu wangu wa pili hapa Mpunguzi, Dodoma. Zabibu nyekundu zinaanza kuiva, ndege shore na kwezi wanaingia alfajiri kama wamepewa kadi ya mwaliko. Kuna bwana mmoja, eti mshauri wa kilimo kwenye kundi la WhatsApp, akaniapia: maji ya pilipili na sabuni kidogo, ndege harudi tena. Na gunia akaniuzia yeye, la shemeji yake. Mshauri gani ana shemeji mwenye dawa ya kila ugonjwa? Tukatwanga siku mbili. Kijana wa kupiga bomba upepo ukamgeukia, akashinda chini ya mti anatokwa machozi, nikamlipa siku nzima. Mimi nikajisahau nikaenda chooni kabla ya kunawa. Tuishie hapo.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nimesimama na kikombe cha chai nangoja ushindi. Shore akatua kwenye kichala nilichokipulizia kwa mkono wangu, bado kina vipande vya maganda mekundu. Akadonoa moja. Akafuta mdomo kwenye waya. Akadonoa ya pili, halafu akaita wenzake.

Ndege hasikii ule ukali! Kapsaisini, kile kinachotuchoma, huamsha mishipa ya fahamu ya wanyama wanaonyonyesha. Ya ndege haishtuki. Na mpilipili unafaidika hapo: panya anasaga mbegu kwa meno, ndege anaimeza nzima na kwenda kuidondosha mbali. Mwaka 2001 watafiti Tewksbury na Nabhan walichapisha utafiti wa pilipili mwitu za Arizona, Marekani: panya walizikataa, ndege wakazila, na mbegu zilizopita tumboni mwa ndege zikaota. Sikuwa na haja ya kwenda Arizona. Bibi yangu hakupanda pilipili kichaa hata siku moja, na chini ya mwembe wake ziliota kila mwaka. Nimekua nikiziona! Nilidhani anapanda nani, malaika?

Mnunuzi alipokuja akaonja punje moja, akakohoa, akapanda gari lake. Tani moja na nusu ikabaki shambani. Mteja pekee aliyebaki alikuwa yule yule shore.

Anachagua kwa macho, mkuu. Zabibu ikianza kutoka kijani kwenda nyekundu, kwake hilo ni tangazo, na anaona hata mwanga wa urujuanimno ambao mimi na wewe hatuuoni. Kwezi ndiyo usiseme: jamii yao hawana kimeng'enya cha kuvunja sukari ya miwa, wanataka glukosi na fruktosi, na zabibu imejaa hizo mbili. Yaani umempikia.

Kwa hiyo WAVU KABLA YA RANGI. Usingoje uone punje iliyotobolewa. Uutandaze juu ya waya, usigusane na vichala maana wanadonoa kupitia matundu, na uufunge mpaka chini kwenye udongo. Mwaka uliofuata niliacha upenyo wa kiganja tu. Kuzumburu, wale ndege wa mkia mrefu wanaotambaa matawini kama panya, wakaingia wanane. Nikawakuta wananing'inia humo ndani, vitumbo mbele, wananiangalia kama mimi ndiye mgeni.

Hizo kilo 10 kama umeshanunua, mpelekee muuza chipsi atengeneze achari. Gunia langu lilichukua miaka miwili kuisha, na yule shemeji mpaka leo ananidai elfu arobaini.