Sampuli nyekundu na namba zisizokubaliana: kwa mnaoanza kazi maabara

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye kemia ya damu, ugonjwa wa Wilson, ule wa kurithi unaofanya shaba ijae mwilini, utawapita mkiuona kama mmezoea kusoma kila kipimo peke yake. Mimi ulinipita siku nzima.

Ilikuja sampuli ya binti mwenye macho ya njano. Maji ya damu yalikuwa mekundu, nikaikataa: "chembe nyekundu za damu zimepasuka, toeni nyingine." Ikaja nyingine, nyekundu vilevile. Bilirubini, ile rangi ya njano ya damu, ilikuwa 22 mg/dL, lakini alkalini fosfatesi, kimeng'enya cha ini na mifupa, ilikuwa 34 tu, na AST ilikuwa karibu mara tatu ya ALT, vyote viwili vimeng'enya vinavyovuja ini likiumia. Nikailaumu mashine. Kumbe chembe zilikuwa zinapasuka ndani ya mwili wake, kwa sababu shaba ilikuwa inamwagika kutoka kwenye ini linalokufa. Kipimo cha Coombs, kinachotafuta kingamwili zinazoshambulia chembe nyekundu, kilikuwa hasi.

Basi mkiona ini limeharibika ghafla kwa kijana, gawanyeni alkalini fosfatesi kwa bilirubini ya mg/dL. Ikiwa chini ya 4, na AST imezidi ALT zaidi ya mara 2.2, pigeni simu wodini hapohapo. Ila kwanza angalieni potasiamu na kalsiamu: EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye chupa, ikiingia kwenye sampuli nayo hushusha alkalini fosfatesi, lakini hapo potasiamu hupanda sana na kalsiamu huanguka.

Seruloplasmini, protini inayobeba shaba kwenye damu, ndiyo inayodanganya wengi. Chini ya 10 mg/dL shaka ni kubwa, lakini 24 haimwondolei mtu ugonjwa. Protini hii hupanda kwa maambukizi, kwa ujauzito na kwa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Vilevile hushuka kwa wasio na Wilson: mtoto mchanga, anayepoteza protini kwenye mkojo, hata baadhi ya ndugu waliorithi nakala moja tu ya jeni ya Wilson, ATP7B, yenye kasoro. Na msishangae shaba ya damu ikiwa chini katika ugonjwa wa shaba kuzidi mwilini. Sehemu kubwa ya shaba ya damu hubebwa na seruloplasmini, kwa hiyo mbebaji akipungua, jumla nayo hushuka. Ini likifa ghafla, shaba ya damu hupanda.

Mkojo wa saa 24 hutegemea zaidi ukusanyaji kuliko mashine. Kwa mtu mzima mwenye dalili, zaidi ya mikrogramu 100 kwa siku huelekeza kwenye Wilson. Kwa mtoto, hata 40 inatosha kuendelea kuchunguza. Chombo kiwe kimesafishwa kwa asidi, kisiwe na shaba. Mgonjwa aambiwe kwa maneno mepesi: mkojo wa kwanza asubuhi mwaga, kisha kusanya wote pamoja na ule wa kwanza wa asubuhi inayofuata. Muulizeni kama kuna uliomwagika, pimeni ujazo, muuandike kwenye fomu kabla ya kumimina hata tone.