Wasomaji Wanauliza: Kutuliza Moyo Katika Pilikapilika za Krismasi

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu afanyeje abaki na moyo mtulivu Krismasi inapomjia na pilikapilika zake zote? Tumechagua tano. Mtaona kwamba hatumwambii mtu afurahi kwa nguvu. Furaha ya kulazimisha huongeza mzigo, na kinachotuliza ni kuupunguza mzigo wenyewe mapema.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Kila mwaka ikifika katikati ya Disemba kichwa changu kinajaa. Nikiwa kazini nawaza zawadi, nikiwa nyumbani nawaza wageni, na saa 8 usiku naamka nimekumbuka kitu nilichosahau. Najiambia "tulia, ni sikukuu tu", haisaidii. Nifanyeje? – Mama wa watatu

JIBU: Pole sana, mama. Kinachokuamsha usiku ni viporo, yaani mambo uliyoyabeba kichwani bila kuyaamulia. Mwaka 2011 wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu mwenye jambo asilolimaliza huingiliwa na mawazo ya jambo hilo hata anapofanya kazi nyingine. Lakini walioruhusiwa kwanza kupanga watalifanya lini na kwa namna gani walitulia, ingawa jambo lenyewe lilikuwa bado halijafanyika. Hiyo ni habari njema kwako: si lazima umalize kila kitu ndipo upate usingizi. Kipangie tu.

Tenga dakika 20, kaa mezani na karatasi. Simu iache chumba kingine, maana utaifungua uandike orodha ujikute unajibu ujumbe. Andika kila kinachokuzunguka kichwani, kikubwa kwa kidogo, bila kupanga. Ukimaliza, rudi juu na kila mstari uupe vitu vitatu: nani atafanya, siku gani, na hatua ya kwanza ni ipi. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanaandika "wageni", neno ambalo halimwambii mtu ainuke afanye nini. "Kufua mashuka ya chumba cha wageni, Jumamosi asubuhi, mtoto mkubwa" ni kazi. Neno "wageni" likibaki hivyo, akili itaendelea kulitafuna usiku kucha, na ina haki, kwa sababu hujaiambia chochote.

Kisha pitia orodha mara ya pili ukijiuliza: hili lisipofanyika, nani atagundua? Kama jibu ni wewe peke yako, lifute. Usiliahirishe, lifute kabisa, kwa kuwa lililoahirishwa bado ni kiporo. Tunajua hatua hii inauma. Ndiyo inayoleta nafuu kubwa kuliko zote.

Halafu kuna muda. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tabia ya binadamu ya kukadiria kazi kana kwamba hakuna kitakachokwenda kombo: hakuna foleni, hakuna mtoto atakayeugua, umeme hautakatika. Kwa hiyo ukidhani jambo litachukua saa 2, liandikie saa 3. Kazi ya mwisho katika orodha iwe ya tarehe 23, na tarehe 24 uiache wazi kwa yale yatakayoharibika, kwani yapo tu. Wanaopanga hadi tarehe 24 jioni huingia sikukuu wakiwa na deni.

Usiku, dakika 5 kabla ya kulala, andika ya kesho. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2018 uliohusisha watu 57, walioandika mambo wanayopaswa kufanya siku zijazo walipitiwa na usingizi takriban dakika 9 mapema kuliko walioandika yale waliyokwisha kuyamaliza, na kadiri orodha ilivyokuwa bayana ndivyo usingizi ulivyowahi. Weka kipande cha karatasi na penseli karibu na kitanda. Ukishtuka saa 8, andika mstari mmoja, geuka, na usitazame saa. Ukiitazama utaanza kuhesabu zimebaki ngapi kabla ya kuamka, na hesabu hiyo inafukuza usingizi kuliko lile jambo lenyewe.

SWALI: Mimi ndiye mwenyeji kila mwaka. Siku yenyewe kila mtu ananiita kwa wakati mmoja, na kabla ya adhuhuri nimeshawafokea watoto na mume. Baadaye najuta. Hasira hii naizuiaje? – Mwenyeji

JIBU: Dada, hasira haianzi na maneno, mwili hutangulia. Mabega hupanda kuelekea masikioni, taya hukaza, unaanza kujibu watu bila kuwatazama. Jifunze dalili yako moja na uifanye ndiyo kengele. Ukisubiri mpaka sauti imepanda, umechelewa.

Kengele ikilia, fanya hivi: vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Endelea kwa dakika 5 ukiweza; hata dakika 2 ukiwa umejifungia bafuni zinafaa. Cha kuzingatia ni kwamba kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kwa sababu wakati wa kutoa pumzi neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo hadi moyoni, huupunguzia moyo mwendo. Wengine hulalamika kwamba zoezi hili linawatia kizunguzungu au ganzi kwenye vidole. Hao huvuta pumzi kubwa mno, wakapoteza kaboni dioksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa. Dawa yake ni kuvuta hewa kidogo, ya kawaida kabisa, huku hesabu ikibaki ileile. Bado ukijisikia vibaya, acha. Na zoezi lianze wiki mbili kabla, mara moja kwa siku, ukiwa umetulia. Mwili haujifunzi kitu kipya katikati ya vurugu.

Pili, andaa jibu lako la siku hiyo katika umbo la "ikiwa… basi". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna hii: mtu akishaamua mapema kwamba tukio fulani likitokea atafanya kitendo fulani, kitendo hicho huja kwa wepesi zaidi wakati ukifika. Lako liwe: "Ikiwa watu wawili wataniita kwa mpigo, basi nitasimama, nitasema 'mmoja mmoja, naanza na wewe.'" Liseme kwa sauti ukiwa peke yako hadi ulizoee.

Tatu, angalia usingizi na unachokunywa. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Kafeini hukaa: kwa wastani nusu yake bado imo mwilini saa 5 baada ya kuinywa, hivyo kikombe cha saa 10 jioni bado kinafanya kazi saa 3 usiku. Kileo nacho hukulaza upesi, kisha kikakukatiakatia usingizi katika nusu ya pili ya usiku. Wengi wanaofoka tarehe 25 adhuhuri wamelala vibaya usiku wa tarehe 24.

Na mgawie mtu mmoja, kwa jina, kazi ya kuwajibu wanaouliza "kiko wapi". Utashangaa ni mara ngapi unaitwa kwa ajili ya taulo na chaja tu.

SWALI: Wifi yangu huniuliza mbele ya watu wote, kila Krismasi, nitazaa lini. Naanza kuumwa tumbo wiki nzima kabla. – Mke wa mdogo wao

JIBU: Anza na mumeo. Huyo ni dada yake, na yeye ndiye anayepaswa kumpigia kabla ya siku, faragha, amwambie: "Dada, nakuomba mwaka huu suala la watoto tusiliguse." Maneno hayo yakitoka kwako yanageuka ugomvi wa mawifi, yakitoka kwake ni ombi la ndugu.

Akiuliza hata hivyo, uwe na sentensi moja tu: "Wifi, hilo leo siliongelei. Safari yenu ilikuwaje?" Iwe fupi, sauti ya kawaida, na mwishoni swali la kumrudishia mazungumzo. Akirudia, rudia sentensi ileile neno kwa neno. Kosa kubwa ni kueleza sababu. Ukitaja hospitali, kazi au umri, umempa kitu cha kujadili, na mezani kila mtu atakuwa na maoni yake.

SWALI: Mama yetu alifariki mwezi wa 7. Watu wananiambia nijitahidi kufurahi, mama angependa. Sioni nitaweza wapi. – Mfiwa

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Usijitahidi kufurahi. Mtazamo mwema haumaanishi kuficha huzuni, na mfiwa anayetabasamu kutwa nzima huanguka jioni.

Mwaka 1967 madaktari wa akili Thomas Holmes na Richard Rahe walitengeneza kipimo cha matukio yanayomtikisa mtu. Kifo cha mwenzi wa ndoa kilipewa alama 100, cha mtu wa karibu katika familia, kama mama, 63, na Krismasi yenyewe, hata kwa asiyefiwa, alama 12. Wewe unabeba vyote viwili kwa pamoja. Si ajabu umechoka.

Kinachosaidia ni kuamua kabla. Amueni kama ndugu nani atashika ile kazi aliyokuwa akiifanya mama siku hiyo. Ikiachwa bila mwenyewe, pengo litawashtua wote kwa wakati mmoja. Wekeni muda mmoja wa kumkumbuka kwa makusudi, kwa sala, kwa kusimulia, au kwa kimya, dakika 10 au 15, mapema kabla watu hawajachoka. Ukialikwa mahali, mwambie mwenyeji tangu mwanzo kwamba huenda ukaondoka mapema, na uwe na usafiri wako usiomtegemea mtu. Mara nyingi anayejua anaweza kuondoka hukaa muda mrefu kuliko alivyotarajia. Na ukijikuta umecheka, usijishtaki.

Tunasisitiza hili: ukipitisha wiki mbili huli, hulali au huna hamu ya chochote, muone mhudumu wa afya. Likikujia wazo la kutaka kufa, usingoje sikukuu ipite. Mwambie mtu aliye karibu na utafute msaada siku hiyohiyo.

SWALI: Nikitazama picha za wenzangu mtandaoni, nguo, safari, familia zimependeza, najiona nimefeli maisha. Nawezaje kubaki na mawazo mazuri? – Kijana

JIBU: Kijana wetu, unalinganisha siku yako nzima na sekunde moja ambayo mwenzako ameichagua kati ya picha nyingi. Huwezi kushinda ulinganisho huo, kwa hiyo usiuingie. Zima arifa za programu hizo kuanzia tarehe 20 hadi 27 Disemba, kisha zipangie nafasi mbili kwa siku, dakika 15 kila moja, ukiwa umekaa, na kamwe isiwe kitandani. Ukishindwa, ziondoe kwenye simu kwa wiki hiyo. Akaunti yako haipotei.

Mara moja kwa wiki, andika mambo yasiyozidi 5 unayoyashukuru. Zoezi hili lilipimwa na wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough katika utafiti waliouchapisha mwaka 2003, kwa wiki 10, na walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa jicho jema kuliko walioandika kero. Linaharibika mtu anapoandika kwa ujumla, "familia, afya, uhai", maneno yaleyale kila wiki mpaka yakakosa ladha. Andika kitu chenye mtu na siku ndani yake: "Alhamisi kaka alinisubiri kituoni nusu saa ili tusindikizane nyumbani."