Re: Kinjeketile na vifo vya Majimaji

Salaam ndugu. Umekwama kwa kuwa umeombwa uandike insha kueleza mauaji ya Majimaji, vita vya kupinga utawala wa Wajerumani, na tamthilia ya Kinjeketile inakupa maji (dawa iliyoaminika kuwakinga wapiganaji na risasi) na umoja tu, waliokufa huwaoni.

Anza na utangulizi, ambao wengi huuruka. Mwandishi wake, Ebrahim Hussein, anasema wazi kuwa mhusika wake ni wa kubuni. Kwenye insha tenganisha tahajia: Kinjeketile wa jukwaani, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga halisi wa historia.

Kisha panga tarehe. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa changa kabisa. Tamthilia inafungwa Kinjeketile akiwa gerezani, ilhali mapigano yaliendelea hadi 1907. Viongozi wa Wangoni walionyongwa Songea Februari 1906 hawamo. Wala haimo njaa iliyofuata Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, na hiyo ndiyo iliyoua wengi. Ndiyo maana msomaji anabaki na maji kichwani, njaa haijui.

Idadi ya waliokufa usiitoe humo. Hesabu ya Wajerumani ni 75,000. Wanahistoria wengine hufika 300,000. Taja zote mbili, na nani alizitoa.

Tamthilia itumie kuonyesha Tanzania ya 1969, mwaka tamthilia ilipochapishwa, ilitaka kukumbuka nini. Hapo ina nguvu kweli.